Nimemkuta nesi wa usiku amelala, na njuga za mtoto kazivua. Naombeni ushauri

Mama Idrisa, Columbus, Ohio

Hamjambo wote, na Waislamu wenzangu asalaam aleikum. Naandika saa kumi alfajiri nikiwa nimekaa kwenye kiti cha nesi, kwa sababu tangu Jumanne siwezi kulala mtu mwingine akiwa amekikalia. Nitaeleza kwa urefu, mnivumilie. Wa kumweleza haya kwa Kiswahili ninaye mmoja tu, mume wangu, naye yuko njiani na lori, Nebraska huko.

Mwanangu Idrisa ana miaka miwili na miezi minane. Alizaliwa njiti, wiki ya 26, gramu 790. Mapafu yake yalikuwa bado hayajakomaa, akaishi kwa mashine ya kupumulia, na alipotimiza miezi mitano wakamtoboa shingoni wakamwekea bomba. Tulirudi naye nyumbani ana miezi kumi na moja. Kabla ya kuturuhusu walitufundisha mimi na baba yake mpaka tukafuzu: kuvuta makohozi, kubadilisha bomba, kubinya ambu (mfuko wa kumsukumia hewa kwa mkono), kumlisha kwa mpira wa tumboni. Siku ya mwisho tulikaa naye chumba kimoja saa 24, manesi wanatuangalia tu, hawagusi kitu. Sasa hivi mchana anapumua mwenyewe, anatembea kwa kushikilia makochi. Akilala ndipo anaporudi kwenye mashine.

Kwa wasiojua, mtoto mwenye bomba shingoni analia bila sauti. Hewa inatokea kwenye bomba, haipandi mpaka kwenye koo la sauti. Mchana tunamwekea kivali cha kuongelea, anasema "mama", anasema "maji", anasema "gari la baba". Lakini akilala lazima kivali kitolewe. Kwa hiyo usiku Idrisa anaweza kulia mpaka mto ulowe na mimi nipo chumba cha pili nisisikie kitu. Mama yangu kule Tanga ndiye aliyenipa wazo. Aliniambia kwenye simu, mtoto asiye na sauti upe mguu wake sauti. Nikashona vikengele vitano kwenye utepe laini, nikamfunga kifundo cha mguu wa kushoto, maana huo ndio anaoupigapiga akiwa na shida. Tunaziita njuga. Mimi nasikia njuga hata nikiwa bafuni maji yanamwagika.

Sasa habari ya nesi. Bima imetuidhinishia saa 80 za nesi kwa wiki, na zinazopata mtu wa kuzifanya hazizidi 45. Usiku tano kati ya saba anakuja mama mmoja Mkenya, LPN (nesi mwenye leseni, ngazi ya chini ya RN), umri wake kama miaka sitini, kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Yuko nasi mwezi wa kumi na nne huu. Naomba niseme wema wake kabla sijasema kosa lake, kwa sababu wote ni wake. Mwezi wa pili mwaka jana, theluji imefika madirishani, bomba la Idrisa liliziba kabisa, katheta, ule mpira mwembamba wa kuvutia makohozi, haipiti, mtoto amebadilika rangi midomo. Mimi nahangaika kutafuta mkasi wa kukatia utepe. Huyu mama alilitoa bomba na kuweka jipya kabla sijamaliza kusema Bismillah. Mikono yake haikutetemeka. Mimi nilitetemeka mpaka kesho yake. Namwamkia shikamoo, mwanzoni alikuwa anacheka, maana wenzetu wa bara kule Kenya hawana sana mazoea nayo, siku hizi anaitika marahaba. Ananiita mwanangu. Ananiletea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai kwa sababu aliona sili asubuhi.

Jumanne usiku niliamka saa tisa na dakika ishirini. Hakuna kilichoniamsha. Kulikuwa kimya, na labda kimya chenyewe ndicho kilichoniamsha. Kwenye korido nikaona ukuta unapepesa wekundu. Ile ni taa ya oksimita, mashine inayopima oksijeni ya mtoto, ikiwaka nyekundu lazima na sauti iwepo, na sauti haikuwepo. Nikaingia. Mama yule amelala kwenye kiti, blanketi mpaka kidevuni, viatu amevivua amevipanga vizuri. Namba ya oksijeni ni 84, na ikishuka chini ya 90 ni hatari. Idrisa macho wazi, mdomo wazi, machozi yanateremka pembeni yanaingia masikioni, na mguu wa kushoto unapiga godoro. Puf, puf, puf. Hauna kitu. Njuga zilikuwa juu ya kabati, zimekunjwa, zimewekwa kando ya mafuta ya mtoto.

Nilivuta makohozi mara mbili. Yalikuwa mazito, ya manjano. Namba ikapanda 88, 91, 95. Nesi aliamshwa na mlio wa mashine ya kuvutia. Akasema, "Pole mwanangu, nimesinzia kidogo tu." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Samahani mama, nenda kapumzike sebuleni, nitakaa naye mimi." Samahani ya nini? Mpaka sasa najiuliza. Sauti ya oksimita ilikuwa imeshushwa mpaka mwisho. Njuga nilipomuuliza asubuhi alisema zinamsumbua mtoto usingizi. Kwenye daftari ameandika saa tisa, 96, mtoto ametulia. Labda saa tisa kamili ndivyo ilivyokuwa, sijui.

Mume wangu anasema nimsamehe, binadamu huchoka, na tukimpoteza huyu hatuna mwingine. Ni kweli, nilisubiri nesi wa usiku miezi mitatu kabla yake. Nyie mlio na watoto kama wangu, au mnaofanya kazi hii, niambieni: niripoti? Nikiripoti usiku tano zote zinabaki kwangu, na mchana siku tatu niko ghalani nafungasha mizigo. Na naogopa bima wakiona saa hazitumiki watasema hatuzihitaji. Halafu mtu aliyemwokoa mwanangu, mkubwa kwangu, anayeniita mwanangu, namwambiaje?

Mwanahawa_TX

Ripoti leo hii, dada. Usisubiri mume arudi. Asiyesikia mtoto wako ni sawa na kiti kitupu, na kiti kitupu angalau usingekiamini ukaenda kulala. Pole sana.

Nesi wa Zamu ya Usiku, Massachusetts

Mama Idrisa, pole. Mimi ni Mkenya, LPN, nakesha nyumbani kwa watu mwaka wa tisa sasa. Nimesoma yako mara tatu kabla ya kujibu, kwa sababu ningeweza kuwa mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilisinzia. Nilikuwa nimetoka kwa wazee mchana, zamu ya urefu wa saa nane, nikapitia nyumbani kupikia watoto, nikaingia kwa mtoto wa watu saa tano usiku. Baba wa mtoto akanigusa bega saa kumi. Mtoto alikuwa salama, alamu zote ziko juu, lakini ule mguso wa bega bado nausikia. Kazi hii ya nyumbani hulipa chini ya hospitali, na wengi wetu tuna watu wa kulipia karo kule nyumbani, kwa hiyo tunaunganisha zamu mbili. Nilikata zamu za mchana baada ya siku hiyo, nikapunguza pesa za kutuma. Sasa usiku sikai kwa kiti saa nzima. Nasimama, naandika nikiwa nimesimama, naosha vifaa saa nane, napanga katheta saa kumi. Mwili ukijua una kazi hauanguki.

Kwa hivyo kusinzia nakuelewa. Lakini dada, wewe umeweka mambo manne kwa kapu moja na ukayaita kusinzia. Usingizi humpata mtu. Kushusha sauti ya oksimita, hiyo ilifanywa kwa mkono na mtu aliye macho. Kuvua njuga pia. Na blanketi na viatu vilivyopangwa, hapo mtu alijiandaa kulala. Hayo yalitangulia usingizi. Nalisema nikiwa na uchungu kwa sababu huyo mama anaonekana fundi wa kazi, na fundi ndiye anayejua kabisa sauti hiyo ni ya nini.

Halafu daftari. Umelipitia haraka, mimi limenisimamisha. Ile rekodi ni ya kisheria, daktari anaitumia kuamua oksijeni ya mtoto. Usibishane naye juu ya 96. Oksimita nyingi huhifadhi namba za usiku mzima ndani yake. Piga simu kwa kampuni iliyowaletea vifaa, waombe wakutolee rekodi ya Jumanne usiku. Itasema ilishuka saa ngapi na ikakaa chini dakika ngapi. Ukiwa na karatasi hiyo huhitaji kumtukana mtu wala kulia mbele ya mtu.

Kuripoti: usimpigie yule anayepanga ratiba, kazi yake ni kujaza nafasi, atakuomba uvumilie. Omba kuongea na nesi msimamizi, yule RN (nesi aliyesajiliwa) anayekuja kwako kukagua na kupitia mpango wa matunzo. Kwetu mpango huo daktari husaini upya kila siku 60, kwako angalia, jina la msimamizi litakuwa hapo mbele. Mwambie kwa mdomo kisha umwandikie siku hiyo hiyo: tarehe, saa, namba uliyoona, ulichofanya. Usiandike "naona amechoka" wala "nadhani". Andika ulichokiona. Yanayofuata kuhusu leseni yake ni kazi yao, usiibebe wewe. Na usiku wowote ule ukimkuta nesi amelala, simu ya dharura ya kampuni ipo saa 24, unapiga palepale.

Na mwambie mwenyewe kwanza. Si kwa sababu sheria inataka, ni kwa sababu amekuletea uji miezi kumi na nne.

Baba Naila, Aurora, Colorado

Mimi nitajibu ile hofu ya saa, dada yangu amemaliza mengine vizuri.

Binti yetu yuko kwenye mashine usiku na mchana, ana ugonjwa wa misuli, anafikisha miaka saba. Mama Idrisa, saa 80 ni za mtoto. Si za kampuni, na si za nesi. Kampuni ikishindwa kuzijaza unaweza kuhamia nyingine, au kuwa na kampuni mbili kwa wakati mmoja, moja usiku, nyingine mchana. Sisi tuko na mbili. Bima ikiuliza kwa nini saa hazitumiki, jibu liwe limeshaandikwa: kila usiku ambao hakuja mtu, andika tarehe, saa, na sababu waliyokupa. Mimi nina daftari la shule la mwanangu mkubwa, nyuma yake nimeandika usiku zaidi ya mia mbili. Kwenye kikao cha kwanza cha kutetea saa nililiweka mezani, sikusema maneno mengi.

Mtoto akiwa kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, na yuko chini ya miaka 21, kuna kifungu kinaitwa EPSDT, kiliwekwa mwaka 1967 kikakazwa 1989. Kinataka jimbo limpe mtoto matibabu yote yanayostahili kitabibu, na nesi wa nyumbani yumo. Neno linalobeba kila kitu ni hilo, "kitabibu". Ukisema mama amechoka, wataguswa na watapunguza. Daktari akiandika kwamba mtoto huvutwa makohozi mara ngapi kwa usiku, namba zilishuka mara ngapi, bomba liliziba lini, wanapata shida kupunguza. Na mwambie daktari wa mapafu ataje mwongozo wa American Thoracic Society wa mwaka 2016 kuhusu watoto wanaopumulia mashine kwa bomba nyumbani. Unasema wazi kwamba mtoto huyo awe na mtu aliyefundishwa na aliye macho muda wote, na kwamba wafundishwe walau wanafamilia wawili. Aliye macho. Limeandikwa hivyo hivyo.

Wakileta barua ya kupunguza, tazama tarehe ya kuanza kupunguza. Omba rufaa kabla ya tarehe hiyo kufika, na uandike kwamba unataka saa zibaki zilivyo mpaka uamuzi utoke. Watu wengi wanakata rufaa wakiwa wamechelewa wiki moja, saa zimeshaondoka.

Kwa wengine mnaosoma na mnadhani kipato chenu kinawafungia mlango: mwaka 1981 kulikuwa na mtoto wa Iowa, Katie Beckett, alikaa hospitali karibu miaka mitatu kwa sababu Medicaid ilimlipia akiwa hospitali tu, akirudi nyumbani inakoma, ingawa nyumbani gharama ni ndogo zaidi. Rais Reagan alilitaja jambo hilo hadharani, Katie akaruhusiwa kurudi nyumbani mwaka huohuo, na 1982 sheria ikabadilishwa. Majimbo mengi mpaka leo yana mlango huo, wanatazama hali ya mtoto badala ya mshahara wa wazazi. Ulizeni kwa jina lake, wanalijua. Katie alikufa 2012 akiwa na miaka 34, na miaka yake mingi aliiishi nje ya hospitali.

Halafu huku Colorado mzazi anaweza kusomea CNA (msaidizi wa nesi mwenye cheti) akaajiriwa na kampuni kumtunza mwanawe mwenyewe. Mke wangu analipwa hivyo. Haichukui nafasi ya nesi, lakini usiku mtupu hauwi wa njaa. Uliza Ohio wana utaratibu gani.

Mama Zuhura, Mbagala

Nimesita kuandika maana huku kwetu sijawahi kumwona nesi wa kulala kwa mtu. Zuhura wangu ana miaka mitano, ana bomba shingoni kwa sababu ya vinyama vinavyoota kooni, wanavikata vinarudi. Anapumua mwenyewe, hana mashine, kwa hiyo wa kwako ana mengi kuliko wangu. Bomba lake lina kijibomba cha ndani, nakitoa naosha naweka tena, asubuhi na jioni na usiku likianza kukoroma. Mashine ya kuvutia ninayo ya kukanyaga kwa mguu, hiyo haina habari na umeme wa Luku.

Nataka kukwambia kuhusu kulala tu. Mwaka wa kwanza nililala mkono wangu uko kifuani kwake, na nilikuwa naamka mkono umekufa ganzi, siku moja karibu nimwangushe mtoto asubuhi kwa ajili ya ule mkono. Mdogo wangu akasema basi, akachukua saa mbili mpaka saa saba, mimi saa saba mpaka kumekucha, na tukakubaliana aliye zamu hakai kitandani. Anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ndoo haina mgongo, huwezi kulala. Sasa napata saa tano nzima za usingizi na dunia naiona.

Hizo njuga nimezisoma nikalia. Kesho naenda Kariakoo kutafuta vikengele. Nimekaa miaka mitatu nikimsikiliza mwanangu kwa mkono.

Mama Idrisa

Narudi baada ya siku tisa. Nimesoma kila neno, na ya nesi wa Massachusetts nimemsomea mume wangu kwenye simu, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Viatu vilipangwa?" Sikuwa nimemwambia habari ya viatu. Tangu hapo hajasema tena nimsamehe.

Nilimwita mama yule Ijumaa kabla ya zamu, nikamwambia aje saa nne, kabla mtoto hajawekwa kwenye mashine. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, na mimi nikakosa pa kuanzia. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi lakini karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza kwa yule mama kingekuwa kama kumfungia mlango. Nikazichukua njuga nikaziweka mezani baina yetu. Nikamwambia, mama, hii ndiyo sauti ya mwanangu, na wewe uliivua. Nakuheshimu, sitasahau ulichofanya mwezi wa pili, na kesho asubuhi namwambia msimamizi. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza.

Hakukasirika, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alisema anafanya kazi mchana pia, siku sita, kwa wazee, tangu mwezi wa nane. Mwanawe anasoma chuo Eldoret na mumewe amefariki. Akasema ile sauti ya oksimita alianza kuishusha mwezi uliopita kwa sababu ilikuwa inamshtua moyo. Mwezi uliopita! Mimi nilidhani ni usiku mmoja. Hapo nikajua kwamba ningemsamehe kimyakimya, ingeendelea. Tulilia wote wawili, kisha nikamwambia usiku huo nitakaa mwenyewe.

Rekodi ya oksimita ilikuja Jumatatu. Chini ya 90 kwa dakika 19, kuanzia saa tisa na dakika mbili. Saa tisa kamili ilikuwa 92. Haikuwa 96. Nimeiangalia ile karatasi, mstari unashuka kama njia ya mlimani, na kila mahali unapojaribu kupanda kidogo najua ni mwanangu alikuwa anakohoa mwenyewe kujiokoa. Daktari amempima, mapafu yako sawa, makohozi yalikuwa ya maambukizi, anapewa dawa kwa mpira wa tumboni. Alhamdulillahi.

Msimamizi alikuja mwenyewe. Mama yule ameondolewa kwetu, na kampuni inafuatilia kwa upande wao, sikuuliza zaidi. Sasa kwenye mpango wa matunzo yameandikwa mambo ambayo hayakuwepo: sauti ya oksimita haishushwi, njuga zibaki mguuni muda wote akiwa kitandani, na nesi asiwe ametoka zamu nyingine siku hiyo. La mwisho msimamizi alisita kuliandika. Nikakaa kimya namtazama mpaka akaliandika. Na nimeweka kamera ndogo juu ya kabati, inayomwonyesha Idrisa na oksimita, na kila nesi atakayekuja anaambiwa mlangoni kwamba ipo.

Usiku tano bado ni zetu. Mume wangu ameomba njia fupi, Cincinnati na kurudi, pesa imepungua sana, lakini analala hapa. Anashika saa tatu mpaka saa nane, mimi kuanzia saa nane, kama Mama Zuhura na mdogo wake. Ndoo nimeitafuta, ndoo za huku ni nyembamba zinabonyea, nimenunua kigoda kisicho na mgongo. Mama Zuhura, ukikosa vikengele Kariakoo niambie, nina pakiti nzima, na kuna mtu wetu anasafiri kwenda Dar mwezi ujao. Chagua vyenye tundu dogo, vile vyenye tundu kubwa kidole cha mtoto kinaingia. Na shonea pande zote mbili, Idrisa aling'oa kimoja nikakikuta mdomoni mwake.

Kampuni ya pili wamekuja kutuona juzi. Wana nesi mmoja wa usiku, dada Mfilipino, usiku tatu kwa kuanzia, atakaa nami zamu mbili za kujifunza kwanza. Nilipomwonyesha njuga alipiga magoti akaugusa mguu wa Idrisa, akazitikisa mara moja, kisha akatoka mpaka mwisho wa korido na kuniomba nizitikise tena ajue zinasikika vipi kutoka kule.

Baba Naila, swali moja. Ile barua ya daktari kwa ajili ya saa, daktari wenu aliiandika mwenyewe kutoka mwanzo, au mlimpelekea namba zenu yeye akazipanga? Miadi yetu ni Alhamisi, na nimeshaanza kuhesabu. Tangu Jumapili, kuvuta makohozi usiku ni mara 7, 9, 6, 11. Leo bado.